Inanuka au Inanukia? Juu ya Istilahi za Waonjaji wa Wiski Nchini Italia

Maombi mengi yanayofika mezani petu hutoka katika wizara, mahakama, viwanda na shule, nayo huhusu mambo yaliyozoeleka: vipuri vya mashine, vifungu vya sheria, magonjwa ya mimea. Mara moja moja huja ombi lisilo na jirani katika majalada yetu. La namna hiyo lilitoka kwa mfasiri mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kufasiri kwa Kiswahili kijitabu cha Kiitaliano kuhusu mikutano ya kuonja wiski, mikutano ambayo hufanywa na watu wa mijini huko Italia kama vile wengine wanavyokutana kucheza karata au kusomeana mashairi. Aliambatanisha orodha ya maneno yapatayo arobaini, akaomba jibu katika muda wa wiki mbili.

Jibu tulimpa, tena mapema, na hapo ndipo tulipokosea. Tulifungua kamusi, tukatoa neno kwa neno. Tulipofika kwenye neno torbato, ambalo ni sifa ya wiski iliyotokana na shayiri iliyokaushwa kwa moshi wa aina fulani ya udongo wa kinamasi, tuliandika "wiski yenye mboji". Mfasiri akatuamini, akachapa. Miezi mitatu baadaye alituletea barua ya msomaji wake, mwalimu wa sekondari, aliyeuliza kwa adabu kubwa iwapo Waitaliano hao hunywa kinywaji kilichooza. Maana mboji anayoijua yeye, na anayowafundisha wanafunzi wake, ni majani na samadi iliyooza na kutiwa shambani. Lawama ilikuwa yetu. Makala haya ni jibu la pili kwa orodha ile ile, safari hii bila haraka, nasi tumeonelea tulitoe mbele ya wasomaji wote kwa kuwa matatizo yaliyomo yanawahusu pia wafasiri wa vitu vingine vingi vinavyonuswa na kuonjwa.

Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawagusi kileo, baadhi kwa amri ya dini, baadhi kwa hiari yao. Hilo halina shida. Istilahi hailevyi, na mfasiri wa hati za forodha hutakiwa ajue jina la kitu hata kama kitu chenyewe hakiingii nyumbani mwake.

Wanunuzi wasiokuwa watengenezaji

Wiski ni pombe kali inayokenekwa kwa nafaka. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka ikae ndani ya mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka 3, mapipa yenyewe yasizidi ujazo wa lita 700, na iuzwapo iwe na kileo kisichopungua asilimia 40. Ile ya kimea, ambayo ndiyo ipendwayo na waonjaji, hutokana na shayiri iliyoloweshwa, ikachipua, kisha ikakaushwa ili isiendelee kuota. Neno kimea hatukulibuni sisi. Wapika pombe wetu wa ulezi na mtama wamekuwa nalo tangu zamani, na ni moja kati ya maneno machache ya orodha ile yaliyotujia bila jasho. Kadhalika kitenzi keneka kimekwisha kuingia katika vitabu vya sayansi vya shule, wala hatuoni sababu ya kukigusa.

Asili ya jina wiski ni lugha ya Kigaeli ya Uskoti na Ireland, ambamo maneno mawili yenye maana ya "maji ya uhai" yalifupishwa hadi likabaki lile la maji peke yake. Waitaliano nao wana neno acquavite, lililotokana na Kilatini na lenye maana hiyo hiyo ya maji ya uhai, ingawa Mwitaliano wa kawaida alisikiapo humjia mzabibu, kwa kuwa vite katika lugha yake ni mzabibu. Yaani wenyeji walikuwa na jina la pombe kali, na walikuwa na pombe kali yao wenyewe, grappa, inayokenekwa kwa makapi ya zabibu. Walichokosa ni wiski.

Waliikosa kwa muda mrefu. Kiwanda cha kwanza kilichojengwa nchini humo mahsusi kwa wiski ya kimea, kiitwacho Puni, kilianzishwa mwaka 2010 katika mji mdogo wa Glorenza, milimani kaskazini, na chupa zake za kwanza zilitoka mwaka 2015. Kabla ya hapo kila tone la wiski ya kimea lililonywewa Italia lilivuka bahari. Na lilinywewa kweli kweli. Armando Giovinetti, mfanyabiashara, alikwenda Uskoti mwaka 1961, akarudi na wiski ya Glen Grant ya miaka 5: changa, nyepesi, yenye rangi ya majani makavu. Waitaliano wakaipenda kiasi cha kwamba katika miaka ya 1970 nchi yao ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya wiski ya kimea. Mwaka 2006 kampuni ya Kiitaliano ya Campari ilikinunua kiwanda chenyewe cha Glen Grant huko Uskoti. Mteja akawa mwenye shamba.

Pembeni mwa biashara hii kubwa walitokea watu wa namna nyingine. Silvano Samaroli, aliyefariki mwaka 2017, alianzisha kampuni yake mjini Brescia mwaka 1968. Yeye hakuridhika kuagiza kilichokwisha kutiwa chupani na wengine. Alichagua mapipa Uskoti, pipa kwa pipa, akaamuru yatiwe chupani kwa jina lake. Wiski ya Bowmore iliyokenekwa mwaka 1966, aliyoitoa mwaka 1984, aliipa jina la Bouquet, yaani shada la maua, na hadi leo wakusanyaji huitaja kama watu wa pwani wanavyotaja jahazi lililokuwa na mbio. Tunaliangalia jina hilo kwa jicho la kazi yetu: mtu wa nchi isiyotengeneza kitu alikipa kitu hicho jina kwa kile alichokinusa, wala hakungoja Waskoti wamwambie wananusa nini.

Jeuri hiyo haikuzuka hewani. Tangu mwaka 1951 palikuwa na chama cha taifa cha waonjaji wa mvinyo, kilichoasisiwa Asti. Mwaka 1965 kikaanzishwa Milano chama cha wahudumu wa mvinyo. Mwaka 1978 wakafuata waonjaji wa grappa. Vyama hivi vilikuwa na mitihani, karatasi za alama na msamiati uliokubaliwa. Hivyo wiski ilipofika iliwakuta watu wenye maneno tayari. Walichofanya ni kuyapanua kidogo.

Macho, pua, kinywa

Mkutano wenyewe hauna makeke. Watu kumi au ishirini huketi, kila mmoja mbele ya bilauri tano au sita zenye tumbo na shingo nyembamba, ndani yake wiski kiasi cha vijiko vichache vya chai. Huitazama, huinusa, huionja, hutema wakitaka, kisha huandika na kubishana. Waitaliano wamegawa kazi hiyo katika hatua tatu: uchunguzi wa macho, uchunguzi wa pua, na ule wanaouita wa kinywa na pua kwa pamoja. Hatua ya tatu imepewa jina refu kwa sababu ya haki: kitu kilichomo kinywani hupandisha mvuke puani kwa nyuma, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Mwenye mafua ayajua hayo.

Hatua ya kwanza tutaipita upesi. Wiski inapozungushwa ndani ya bilauri huacha juu ya kioo michilizi inayoshuka polepole. Waitaliano huiita matao madogo, au machozi. Mfasiri alituuliza achague lipi. Twamjibu kwamba Kiswahili kina michilizi, hakihitaji kulia. Na inafaa ikumbukwe kwamba mmoja wa wakusanyaji mashuhuri kabisa wa Italia, Valentino Zagatti wa mji wa Lugo, aliyekusanya chupa maelfu ambazo hatimaye zilinunuliwa na Waholanzi, alikuwa kipofu tangu utotoni. Uchunguzi wa macho haukumhusu, wala haukumpunguzia kitu.

Kabla ya kwenda puani kuna maji. Wiski itokayo pipani huweza kuwa na kileo cha asilimia 50 hadi 60 na zaidi. Pua huungua, haisikii kitu. Mwonjaji hutia maji kidogo kidogo. Hapa wapo waliopendekeza "kuongeza maji", ambayo ni maelezo na si istilahi. Sisi tuna kuzimua, neno la wagema na wanywaji wa tembo, lenye maana hasa ya kupunguza ukali wa kinywaji kwa kukitia maji. Kwa hiyo wiski iliyotiwa chupani kama ilivyotoka pipani itaitwa wiski isiyozimuliwa. Tunakiri kwamba kitenzi hicho kina maana ya pili, ya kunywa kidogo asubuhi ili kuondoa uchovu wa ulevi wa jana, na wapo watakaotabasamu. Waache watabasamu. Neno lenye maana mbili zilizo wazi ni bora kuliko neno jipya lisilo na hata moja.

Tatizo la pua

Sasa tumefika penye uzito. Mwitaliano anaponusa, husema sento, kitenzi kile kile anachokitumia kwa kusikia sauti, kuonja chumvi na kuhisi baridi. Mtu wa Kiswahili hawezi kustaajabu, kwani naye husikia harufu, husikia utamu, husikia baridi na husikia njaa. Lugha chache za jirani zingalituruhusu kufasiri kwa wepesi huo. Kijitabu kinaposema "huyu asikia asali, yule asikia ngozi ya viatu", mfasiri ayaache maneno yalivyo.

Lakini furaha hiyo ni fupi. Kitu kinapotoa harufu, Kiswahili hudai hukumu kwanza. Ama kinanuka, na hapo tunaziba pua. Ama kinanukia, na hapo tunasogea. Tofauti ni irabu moja, na katika irabu hiyo umo uamuzi wote wa msemaji. Katika jikoni na sokoni mpango huu ni mzuri sana. Mbele ya wiski za kisiwa cha Islay unatutia mashakani, kwa sababu wapenzi wake huzisifu kwa harufu ya lami, masizi, mwani uliooza ufukweni na iodini ya hospitali. Tukiandika "inanuka lami" tumemfanya mwonjaji aseme kwamba wiski ni mbaya, naye ndiyo kwanza ameilipia fedha nyingi. Tukiandika "inanukia lami" msomaji atadhani mwandishi amekosea chapa, kwani nani aliyewahi kunukia lami?

Tulilijadili jambo hili kwa siku mbili, na hatukuafikiana wote. Wenzetu wawili walishikilia kwamba mfasiri atumie nukia popote mwonjaji anaposifu, hata msomaji akishtuka, maana mshtuko huo ndio habari yenyewe. Walio wengi walionelea kwamba katika maelezo ya kitaalamu itumike "ina harufu ya", ambayo haihukumu, na nuka na nukia ziachiwe mahali ambapo mwonjaji mwenyewe ametamka anapenda au anachukia. Hayo ya walio wengi ndiyo tunayoyatoa kama pendekezo. Mwandishi wa makala haya, hata hivyo, akisoma tena kijitabu kile, huona wenzetu wale wawili hawakuwa mbali na kweli.

Kisa cha torbato

Udongo uliotuponza ni mabaki ya mimea iliyolala kwenye kinamasi maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, kwa kukosa hewa. Hukatwa kama matofali, huanikwa, kisha huchomwa kama kuni. Katika Uskoti, penye upungufu wa miti, ndio uliokausha kimea, na moshi wake uliganda juu ya nafaka ukafika hadi ndani ya chupa. Waitaliano huuita torba. Hawakuwa na haja ya kuliazima neno hilo kwa Waskoti, maana vinamasi vya namna hiyo wanavyo: vile vya Sebino, karibu na Brescia alikoishi Samaroli, vilichimbwa torba ya kuwashia moto kabla ya kufanywa hifadhi ya ndege na mimea. Kutokana na torba wakapata torbato, kwa wiski yenye moshi huo. Tena wana neno torbido, lenye maana ya kitu kilichochafuka kama maji ya mto wakati wa mvua, na asiye mwangalifu huyachanganya. Mfasiri wetu alikuwa mwangalifu. Aliyekosea ni sisi.

Kosa letu lilikuwa kutafuta jina la udongo wakati mnywaji hanywi udongo. Kinachofika puani ni moshi uliokusudiwa. Na moshi uliokusudiwa una kitenzi chake katika Kiswahili: kufukiza. Nguo hufukizwa udi, nyumba hufukizwa ubani. Wafugaji wa Kimasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na maziwa yakatoka na harufu ya moshi ambayo mgeni huikunjia uso na mwenyeji huitamani akiwa safarini. Huyo mgeni na huyo mwenyeji ndio hao hao wanaobishana Milano juu ya wiski za Islay. Basi torbato ni wiski iliyofukizwa, na kwa usahihi zaidi wiski ya kimea kilichofukizwa. Wali ulioshika moshi jikoni ni ajali na hauhusiki hapa.

Nazi, karafuu, ndizi

Mwaka 1979 watafiti wa tasnia ya wiski ya Uskoti walichapisha duara lililogawanywa kama vipande vya chungwa, kila kipande na aina ya harufu: za matunda, za maua, za nafaka, za mbao, za moshi, na kadhalika. Lilitengenezwa kwa ajili ya viwanda, ili mtu wa maabara na mtu wa mapipa wasemezane bila kugombana. Wapenzi wa nchi nyingine wakalichukua, wakalijaza vitu vya kwao. Mwitaliano ataja lozi, maganda ya machungwa, jani la tumbaku na mzizi mtamu wa urukususu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyovinusa utotoni.

Mfasiri afanye nini na vitu hivyo? Desturi ni kuvifasiri kimoja kimoja, na kwa vile vilivyomo kwenye kamusi si vigumu. Lakini tulipoipitia orodha tuliona jambo lililotufurahisha. Mwaloni wa Marekani, ambao mapipa mengi ya wiski hufanywa kwa mbao zake, una kemikali za jamii ya laktoni zenye harufu ya nazi. Wala si mfano wa kishairi, ni harufu ya nazi hasa. Mbao hizo zinapochomwa kwa ndani hutoa pia eujenoli, na eujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Katika wiski changa kuna kemikali nyingine inayozaliwa wakati wa kuchachuka, nayo ndiyo ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Mwonjaji wa Milano huandika nazi, karafuu na ndizi, naye huenda karafuu ameijua ndani ya kikopo cha jikoni tu. Mtoto wa Pemba aliyekulia penye majamvi ya karafuu zilizoanikwa anaitambua mbichi, iliyokauka nusu, iliyokauka kabisa na iliyonyeshewa ikaota ukungu. Hapa Kiswahili hakiombi kwa mtu. Kinao msamiati mpana kuliko ule wa kijitabu tulicholetewa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kinywa. Wiski iliyokaa pipani kupita kiasi hushika meno na kukausha ulimi. Waitaliano wana neno zito la kitabibu kwa hisia hiyo; sisi tuna ukakasi, ambao kila aliyekula bibo au ndizi mbichi anaujua. Kinywaji kilichopungukiwa ladha ni chapwa. Kilichokaa sawa kimekolea. Penye hatari ni kwenye tamu, kwa kuwa kwetu mchuzi wa chumvi ukiwa mzuri ni mtamu pia. Kijitabu kisemapo wiski ni tamu, kinasema ina dalili ya sukari, wala hakisemi ni nzuri. Mfasiri aandike "ina utamu wa asali" au "wa sukari", apate kuepuka sifa ambayo mwandishi hakuitoa.

Majina mawili yenye miiba

Jina la kwanza ni lile la Kiingereza ambalo kwa neno kwa neno ni "kimea kimoja". Wafasiri wengi wameliandika hivyo, na msomaji akafahamu kwamba imetumika aina moja tu ya kimea. Sivyo. Umoja unaosemwa ni wa kiwanda: wiski yote ya kimea iliyomo chupani imekenekwa katika kiwanda kimoja, ingawa huweza kuchanganywa kutoka mapipa mengi na miaka mbalimbali. Waitaliano walizoea kusema puro malto, yaani kimea kitupu, neno lililo zuri sikioni na lisilosema chochote juu ya kiwanda.

Asidhani mtu kwamba haya ni mabishano ya watu wa kamusi. Mwaka 2003 kampuni ya Diageo ilipungukiwa na wiski ya Cardhu, iliyokuwa ikipendwa mno Hispania, nchi nyingine ya wanunuzi. Ikaamua kuchanganya wiski za kimea za viwanda kadhaa, ikabakiza jina la Cardhu, ikabadili neno moja kwenye kibandiko: badala ya kimea "kimoja" ikaandika kimea "safi". Watengenezaji wenzake walipiga kelele kwamba mnunuzi anapotoshwa, na mwaka uliofuata kinywaji hicho kikaondolewa. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zikalipiga marufuku neno hilo na kuweka aina tano zenye majina ya kisheria. Kwa hiyo twapendekeza wiski ya kimea ya kiwanda kimoja. Ni refu. Mwenye fupi lisilodanganya atuletee.

Jina la pili ni lile la sehemu inayopotea kwa mvuke wakati pipa limelala ghalani, kiasi cha asilimia 2 kwa mwaka huko Uskoti. Waitaliano, kama wengine wa Ulaya, huiita fungu la malaika. Neno kwa neno hakuna ugumu. Ugumu ni kwa msomaji wa Kiislamu, na kwa Wakristo wengi pia, ambao hawatapendezwa kuwaona malaika wakigawiwa pombe. Katika kijitabu cha burudani mfasiri anaweza kueleza kwamba ndivyo wasemavyo wenyewe. Katika hati za ushuru na hesabu za ghala atumie kipunguo cha pipa, na jambo liishe.

Kuhusu mtu mwenyewe, mpenzi wa mambo haya, tulishauriwa mraibu, tukalikataa palepale, maana mraibu ni mtu aliyeshikwa na kitu kisichomwachia. Mshabiki amekwisha kuchukuliwa na uwanja wa mpira. Tumebaki na mpenzi wa wiski kwa yule wa kawaida, na mwonjaji kwa yule mwenye ujuzi. Mwonjaji si mnywaji, na wengi wao hutema. Tahadhari tu kwamba kionjamchuzi si chombo cha kazi hii. Ni zile ndevu chache chini ya mdomo.

Kilicho karibu nasi

Mmoja wa wajumbe alituuliza kwa nini tutumie karatasi yote hii kwa kinywaji cha wageni. Tulimwelekeza Moshi, ambako kahawa ya wakulima wetu huonjwa na wataalamu kabla ya kuingia mnadani. Huko kuna vikombe mahali pa bilauri, na kutema ni kule kule, lakini hali ya mambo imepinduka. Italia haikutengeneza wiski, ikajitwalia maneno ya kuihukumu kwa lugha yake. Sisi kahawa tunailima, na maneno yanayoihukumu, yaani yanayoipangia bei, kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Mkulima akiambiwa kwamba kahawa yake ina uchachu atadhani imeharibika, kwa kuwa kwetu kilichochacha hutupwa. Kumbe katika lugha ya waonjaji wa kahawa uchachu wa kiasi ni sifa inayotafutwa. Mtu asiyejua kama amesifiwa au amelaumiwa hawezi kujadili bei. Neno la kuokoa sifa hiyo hatujalipata. Ukali si lenyewe, ugwadu umeelemea kwenye tunda bichi. Uchangamfu limependekezwa na mwalimu mmoja. Tumeliweka pembeni tukilifikiria.

Limebaki pia jina la ule udongo. Hata tukikubaliana juu ya kufukiza, mwalimu wa jiografia na mtu wa nishati watahitaji neno la kitu chenyewe, na mboji haliwatoshi. Nchini Rwanda na Burundi udongo huu umechimbwa kwa miaka mingi kama kuni, na Wanyarwanda huuita nyiramugengeri. Tungependa kujua wasemaji wa Kiswahili wa Bujumbura, Uvira, Bukavu na Kigoma wanauitaje wanapouza na kununua, kabla hatujabuni chetu. Wenye habari waandike kwa Mhariri, wakitaja mahali neno liliposikika na kazi ya aliyelitamka.